Anayekagua Jengo Kabla ya Chakula

Kuna watu kwenye maghala na mashine za kusaga ambao gunia huligusa mwisho. Huanza na paa, kama linavuja. Hupapasa ukuta wakitafuta unyevu, kisha huinama na tochi kuchungulia chini ya chaga. Kazi hiyo naiheshimu sana, na kwetu Kasulu na Kibondo inahitajika kuliko tunavyokiri, kwa sababu huku baadhi ya mahindi hukomaa mvua ikiwa haijakoma.

Sumukuvu, yaani sumu ya kuvu kwenye mahindi, haionekani kwa macho, na moto wa ugali hauiondoi. Kuvu huanzia shambani, ikifika ghalani ikakuta joto na unyevu hustawi. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, sumu hiyo iliua watu 20. Mradi wa kudhibiti sumukuvu uliofuata, TANIPAC, ulizifikia Kasulu na Kibondo pia.

Tazama mkaguzi wa namna hiyo anavyopima ukavu wa mahindi. Huchukua chupa kavu, hutia chumvi kavu kidogo na mahindi, hufunga, hutikisa, huiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka: yarudi juani, juu ya turubai. Ikianguka chini, hatua ya kwanza imevukwa. Kipimo cha kisasa kitatafuta unyevu usiozidi asilimia 13.5, ila chupa haihitaji betri.

Kwenye mashine, jicho lake linahamia kwenye kona. Unga wa jana ulioganda ndani, ukipata unyevu usiku, huota kuvu, na mahindi safi ya leo yatapita humo humo.

Kona za namna hiyo huficha hatari hata kwenye viwanda vikubwa. Afrika Kusini, mlipuko wa bakteria wa listeria wa 2017 na 2018 uliua zaidi ya watu 200, na vimelea vile vile vilivyokutwa kwa wagonjwa vikapatikana ndani ya kiwanda cha nyama huko Polokwane. Listeria hujificha kwenye mifereji ya sakafu na nyufa zenye maji. Mkaguzi hodari hupangusa huko kwa pamba safi, tena akitaka kuikuta. Majibu mazuri wiki baada ya wiki humtia wasiwasi, kwamba pengine anapangusa panapofika fagio kila siku. Moyo huo wa kutafuta kasoro kwa bidii, na kushukuru ikionekana mapema, ni adimu.

Mtu wa namna hiyo apewe ruhusa ya kuzima mashine bila kumsubiri mwenye mali, hata kama foleni ya wenye madebe imefika barabarani.