Kuformate si dawa ya kila ugonjwa: sifa na lawama za Linux



Hapa kwetu Omate, kompyuta ikikataa kufunguka, shauri la kwanza ni lile lile: « Formate! » Fundi anaifuta yote, anaweka mfumo mpya, unalipa, unaenda. Leo nataka kusema kwa nini naipenda Linux, na pia kwa nini siisifu yote.

Juma moja kabla ya kutoa TFC yake, mdogo wangu alinijia na mashini. Ni Debian, yenye biro ya Xfce. Biro ndiyo ile sura ya mbele yenye picha na madirisha. Anaandika neno la siri, ekra inakuwa nyeusi kidogo, kisha inamrudisha palepale kwenye neno la siri. Mara kumi, ni ile ile.

« Yaya, iyi mashini imekufa. Tuipeleke kwa fundi aiformate. »

« Na TFC iko wapi? »

Akanyamaza. Iko humo ndani. Nakala ya klé USB ilikuwa ya miezi miwili nyuma.

Kitu cha kujua ni hiki: kwenye Linux biro si mfumo wenyewe. Kiini ambacho Linus Torvalds alianza kukitoa mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, ni kitu kimoja. Xfce, ambayo Olivier Fourdan aliianzisha mwaka 1996, ni kitu kingine kilichowekwa juu yake. Ya juu ikianguka, ya chini inaweza kuendelea kusimama. Basi nikabonyeza Ctrl+Alt+F3, na ekra ikaonyesha maandishi matupu yakiomba jina na neno la siri. Nyumba ilikuwa imefungwa mbele, lakini mlango wa nyuma uko wazi.

Hapo nikakwama. Neno la siri lilikataliwa mara tatu. Kumbe klaviye yetu ni ya Kifaransa, AZERTY, na mpangilio huo uliwekwa upande wa picha peke yake. Upande wa maandishi ulibaki QWERTY. Ukibonyeza A inaandika q, ukibonyeza M inaandika nukta-mkato. Nikaandika kwa kubadilisha herufi kichwani, nikaingia, nikatoa amri ya loadkeys fr. Klaviye ikarudi sawa.

Kisha df -h, amri ya kuonyesha nafasi ya diski. Jibu: asilimia 100. Diski imejaa filamu! Mtu anapoingia, biro inahitaji kuandika faili ndogo ndogo; ikikosa fasi ya kuziandika, inaanguka na kukurudisha mlangoni. Nikanakili kwanza TFC kwenye klé, halafu nikafuta filamu tatu. Biro ikafunguka, lakini bila ule mstari wa vitufe: faili ya mipangilio yake ilikuwa imeharibika wakati diski imejaa. Nikarudi kwenye maandishi, nikabadilisha jina la folda ya .config/xfce4 ndani ya nyumba ya mdogo wangu, ikawa xfce4-zamani. Alipoingia tena, Xfce ilijitengenezea folda mpya, na vitufe vikarudi. Kazi yote haikufika saa moja, na hatukuhitaji intaneti.

Sifa yangu kwa Linux iko hapo. Si kweli kwamba haiharibiki. Inaharibika sana tu. Lakini mipangilio yake mingi ni faili za maandishi unazoweza kusoma, kuhamisha na kurudisha. Unatengeneza kipande kilichougua, vingine unaviacha. Xfce ikikushinda, unaweza kuweka MATE au LXQt, na barua zako zinabaki fasi yake.

Sasa lawama. Kwanza, wanaosema « unaweza kuweka biro nyingine » wanasahau kwamba inatakiwa intaneti, na huku kwetu megabaiti ni pesa. Dawa ipo, lakini ni lazima uijue mapema: mwenye kufika mjini ashushe DVD ya kwanza ya Debian, amri ya apt-cdrom add itaifanya kuwa ghala la programu bila mtandao. Pili, ujumbe wa makosa umeandikwa kwa lugha ngumu, hata ukiwa kwa Kifaransa. Ekra ya mdogo wangu haikumwambia « diski imejaa ». Ilimfukuza kimya kimya, na hilo ni kosa la watengenezaji. Tatu, uhuru huo huo unaokuruhusu kutengeneza unakuruhusu kubomoa: amri moja mbaya ya kufuta, na hakuna wa kukuuliza kama una hakika.

Hata hivyo nachagua uhuru huo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuitunza Windows 10, na mashini nyingi tulizo nazo ni za zamani, haziwezi kupokea Windows 11. Kasiterite ya Bisie na koltani ya Rubaya zinatoka huku kwetu na kuingia katika vifaa vya dunia nzima; mashini zenyewe zinaturudia zikiwa zimezeeka. Angalau tujue kuzifungua na kuzitengeneza wenyewe.

Mdogo wangu alitoa TFC yake kwa siku iliyopangwa. Nilimpa karatasi yenye mistari mitatu tu: Ctrl+Alt+F3, loadkeys fr, df -h. Ameibandika ndani ya kifuniko cha daftari. Na wewe msomi mwenzangu, kabla ya kusema « formate », jaribu mlango wa nyuma kwanza. Na nakala ya kazi yako, uifanye leo.