Papa na Makuyu: Maumbile na Mtoto katika "Kisa cha Punda wa Dobi"

Ngano za hurafa zimezoeleka kusomwa shuleni kana kwamba mnyama ni binadamu aliyevishwa ngozi. Mwalimu akishamaliza kusoma huuliza hadithi inafunza nini, na jibu linalotarajiwa ni la maadili: ujanja hushinda nguvu, tamaa huponza. Mnyama mwenyewe, mti na maji hubakia pambo tu. Kwa upande mwingine wapo wanaozipendekeza ngano hizo hizo kuwa chombo cha kumfunza mtoto maumbile. Misimamo hii yaonekana kupingana, lakini yote miwili yakosea pale pale, kwa kudhani kwamba ngano ndiyo inayotoa maarifa. "Kisa cha Punda wa Dobi" chaonyesha kwamba ngano huyadai maarifa hayo kwa msikilizaji kabla ya kuanza.

Kisa hiki kimo katika Swahili Tales (London, 1870), mkusanyo wa Edward Steere wa ngano za Unguja. Kima na papa wamefanya urafiki. Kima hukaa juu ya mkuyu ambao matawi yake nusu yako upande wa nchi kavu, nusu juu ya bahari. Hula makuyu na kumtupia mwenziwe. Siku moja papa anamwalika kwao, na wakiwa njiani anamfichulia kwamba sultani wa huko ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba kima wakisafiri huiacha mioyo yao mitini. Anarudishwa, anapanda, hateremki tena. Anabaki kumsimulia papa habari za punda asiyekuwa na moyo wala masikio.

Asili ya kisa si pwani. Kimo katika Panchatantra ya Bara Hindi, na kimo katika Kalila wa Dimna, tafsiri ya Kiarabu ya Ibn al-Muqaffa ya karne ya 8. Wahakiki wakishataja hayo aghalabu huridhika, kana kwamba kujua kisa kilikotoka ni kukihakiki. Lenye faida zaidi ni kutazama kilichobadilika njiani. Katika Panchatantra adui ni mamba na mti ni wa jamii ya mzambarau. Katika Kalila adui ni kobe wa majini na mti ni mtini. Mtambaji wa Unguja ameuacha mti katika jamii ya mitini, ila ameuita mkuyu. Na kobe amempa nafasi papa.

Badiliko la papa limeiauni ngano. Kobe hamtishi mtu. Papa anajulikana na kila mtoto wa mvuvi: ameona meno yake na amemla akiwa mkavu. Kima anapoketi mgongoni mwake, hofu haihitaji kuelezwa. Badiliko la mti lina utata zaidi. Mkuyu ni mti wa kingo za mito na mabonde yenye maji baridi. Unaosimama katika maji ya chumvi ni mkoko. Hata hivyo makuyu huota kwa vishada kwenye shina na matawi makubwa, nao kima ni mla matunda wa kweli. Picha ya kima akitupa matunda kutoka tawini ni ya mtu aliyepata kukaa chini ya mkuyu. Lisilowezekana ni papa kuyala, na hapo ndipo utamu wa mwanzo wa kisa ulipo. Mtambaji anajua kwamba papa hali makuyu, na hadhira yake inajua. Mtoto asiyejua hacheki. Hupokea uongo wa kifani kama taarifa.

Badiliko la tatu laelekea kinyume. Katika Kalila anayemhadaa punda ampeleke kwa simba ni mbweha, mla nyama, na kwa hiyo si ajabu akila moyo na masikio. Katika kisa cha Steere kazi hiyo ameipata sungura. Mla majani anakula moyo wa punda! Hapa mapokeo yameyashinda maumbile: mjanja wa ngano za Kiafrika ni sungura, na mtambaji hakuwa tayari kumnyang'anya cheo chake kwa ajili ya meno yake. Anayetaka kumfunza mtoto maisha ya wanyama kwa ngano hii moja kwa moja atamfunza makosa matatu kabla ya kengele kulia.

Hili halina maana kwamba ngano iondolewe katika somo la mazingira. Swali ndilo libadilishwe. Badala ya kuulizwa amejifunza nini, mtoto aulizwe ni lipi katika kisa haliwezekani, na amejuaje. Anayejibu kwamba sungura hali nyama amelitazama sungura jambo ambalo swali la maadili halikumdai alitazame. Tena katika vikao vingi vya jioni vitendawili hutegwa kabla ya ngano. Kitendawili kinachomfanya nanasi kuwa kuku aliyetaga miibani hakiteguliwi na mtoto ambaye hajaliona nanasi shambani. Vitabu vya shule huvitenga vitendawili katika sura yake, mbali na hadithi, na hivyo mtoto hufika kwa papa na kima bila ya mtu kujua kama ameshawahi kuuona mkuyu.