Rubani na Walio Chini: Uhakiki wa "Going Solo"

Waandishi wa vita vya angani ni wengi, lakini mmoja wao anawahusu wasomaji wa Kiswahili kuliko wenziwe. Naye ni Roald Dahl, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1938 kuitumikia kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza Kiswahili, na mwaka 1939 akajiunga na jeshi la anga la Uingereza huko Nairobi. Kitabu chake "Going Solo", kilichotolewa mwaka 1986, chasimulia miaka hiyo hadi 1941.

Sifa yake ya kwanza ni ukweli usiojipamba. Septemba 1940 Dahl alianguka na ndege yake ya Gladiator katika jangwa la Misri, akavunjika fuvu, akapofuka kwa muda. Habari yake iliyochapishwa Marekani mwaka 1942 ilipewa kichwa kilichodai kwamba alidunguliwa juu ya Libya. Mwaka 1986 alisimulia vingine: alielekezwa mahali pasipo na kikosi, jioni ikamkuta, mafuta yakakaribia kumwishia, akalazimika kutua penye mawe. Mwandishi anayejivua sifa isiyo yake astahili kusadikiwa. Hata vita vya Ugiriki vya Aprili 1941 havikutiwa marashi: vijana wachache wa Hurricane wanatumwa kupambana na wengi, nao wanapukutika mmoja mmoja. Kwa hesabu yake, kati ya wanafunzi 16 wa urubani wa Nairobi, 13 walikufa angani katika miaka miwili.

Walakini mizani hiyo haikutumika kwa wote. Mdisho, mtumishi wake wa Dar es Salaam, anatokea kama shujaa wa hadithi: ashika upanga, amwua Mjerumani mwenye shamba la mkonge, arudi akitaraji sifa. Kabila lake limeandikwa "Mwanumwezi", nalo lasifiwa kwa ukali wa vita tu. Ni kweli Wanyamwezi walikuwa na Mirambo. Lakini walijulikana pia kwa biashara na safari ndefu za misafara. Marubani wamepewa hofu, mashaka na mauti yenye maana. Mdisho amepewa upanga. Hapa jicho la rubani limeona mtu kama aonavyo nchi akiwa juu: umbo lipo, uso haupo.

Msomaji wa Msangano, katika bonde la Mto Momba, ana sababu ya kulipima jambo hili kwa uzito. Novemba 1918 Vita vya Kwanza vilipita jirani, huko Fife, ng'ambo ya Tunduma. Vita hivyo vilibebwa vichwani mwa wapagazi, bali vitabu vikaandikwa na makamanda, akiwamo von Lettow-Vorbeck mwenyewe. Katika Vita vya Pili askari wa Tanganyika walipigana Uhabeshi, Madagaska na Burma. Walioacha vitabu ni wachache mno. Asiyekuwapo na lake halipo.

Si haki, kwa hiyo, kukitupa kitabu cha Dahl, wala si busara kukipokea chote. Na kisomwe kwa kipimo alichokiweka mwenyewe aliposahihisha habari ya 1942: kwamba kisa kizuri hakitoshi kikiwa si kweli. Kipimo hicho alijipimia yeye. Mdisho naye alikistahili.