Zana za Android na ngeli zetu: samaki tumkunje lini?



Juu ya Kiswahili cha simu tumeshabishana sana: ngamizi au tarakilishi, rununu au simu ya mkononi. Mimi nnavyoona, maradhi hayapo kwenye msamiati. Yapo kwenye miongozo na zana wanazopewa wasanidi, yaani wale vijana wanaotunga programu. Nimezisoma kurasa za Android zinazohusu lugha kama mtu anavyosoma kitabu cha sarufi, na hukumu yangu ni hii: zana ni nzuri, lakini sarufi iliyomo ndani yake ni ya watu wengine.

Tuanze na haki yao. Zana za mwanzo za Android zilitolewa Novemba 2007, na simu ya kwanza ikauzwa Oktoba 2008. Tangu uchanga wake mfumo ulishika kanuni ya busara: maneno yote ya programu yakae katika faili lao mbali na msimbo, ili mfasiri asiguse mitambo. Halafu Android 7 ya mwaka 2016 ikamruhusu mtumiaji kuzipanga lugha zake kwa foleni. Kwa jamaa zetu wa Ibra na Sur hili si dogo. Mtu anaweka Kiswahili mwanzo na Kiarabu cha pili, na programu isiyokuwa na Kiswahili inamwendea kwa Kiarabu badala ya kukimbilia Kiingereza.

Sasa tuje kwenye kasoro. Mwongozo unapoeleza umoja na wingi unatoa visanduku sita: sifuri, moja, mbili, chache, nyingi na vinginevyo. Mifano inatoka Kiarabu, Kiwelisi, Kicheki na Kimalta. Kiswahili kimepewa visanduku viwili tu, moja na vinginevyo, na kwa hesabu tupu vinatosha. Lakini shida yetu sisi haikuwa hesabu! Shida ni upatanisho. Msanidi anaandika sentensi yenye pengo, "... imefutwa", na pengoni mashine inatia jina lolote. Ikiwa ni picha, sawa. Lakini ujumbe umefutwa, jina limefutwa, kitabu kimefutwa, mtu amefutwa. Hali kadhalika neno "mpya": picha mpya, jina jipya, kitabu kipya. Hakuna kisanduku cha ngeli, wala mwongozo hauonyi. Mfasiri anapewa kipande cha sentensi bila ya kujua kitakachokaa pengoni, kisha sisi tunamlaumu ati hajui Kiswahili.

Na msiniambie kwamba jambo lenyewe haliwezekani. Mwaka 2023 Android 14 ilileta zana maalumu ya upatanisho wa jinsia, ili lugha kama Kifaransa zimsemeshe mwanamke kwa sura yake na mwanamume kwa sura yake. Maana yake mafundi wakiona haja wanafanya. Haja yetu hawajaiona, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwa lugha ya kifundi.

Zana za majaribio nazo zina upofu huo huo. Zimo lugha mbili za bandia: moja inarefusha maneno kupima kama yanaenea kwenye kioo, ya pili inageuza maandishi yatoke kulia kwenda kushoto. Programu inaweza kufaulu majaribio yote mawili na bado ikasema "kitabu imefutwa".

Liko na suala la nchi. Hazina ya Unicode, ambayo Android huitegemea, inakijua Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Oman haimo. Basi mtu wa Nizwa akichagua Kiswahili huandikiwa uraia wa pengine: wikiendi inakuwa Jumamosi na Jumapili, wakati Oman inapumzika Ijumaa na Jumamosi tangu Mei 2013. Riali nayo ina baisa 1,000, kwa hivyo inataka tarakimu tatu baada ya nukta, na programu inayokisia nchi kwa kutazama lugha itakosea bei. Android 14 imeanza kutengeneza, manake siku ya kwanza ya wiki sasa huchaguliwa peke yake. Lakini ni kiraka tu.

Kwa nini nnalishikilia hili? Kwa sababu watoto wengi wa Nizwa, Ibra na Sur wenye asili ya Unguja na Pemba Kiswahili wanakisikia kwa bibi zao, hawakisomi skuli. Maandishi ya Kiswahili yanayowafikia kila siku yako kwenye kioo cha simu. Bibi atasema "kimefutwa", kioo kitasema "imefutwa". Mnadhani mtoto atamwamini nani?

Samaki mkunje angali mbichi. Android imeshakauka, ingawa mkunjo kidogo bado unawezekana. Lakini samaki wengine ndio kwanza wanavuliwa. Oktoba 2024 Huawei ilitoa HarmonyOS NEXT, mfumo usioendesha tena programu za Android, na faili lake la wingi limerithi visanduku vile vile.

Rai yangu: tuandike mwongozo mfupi wa ngeli kwa wasanidi, wenye mifano ya msimbo, bila ya hotuba. Kanuni ya kwanza iwe hii: mfanye mtumiaji ndiye mtenda. "Umefuta picha", "umefuta ujumbe", "umefuta kitabu". Ule "u" wa "wewe" hauulizi ngeli ya kinachofutwa. Kwa watu tu ndiyo iandikwe sentensi mbali: "umemfuta Salma". Kanuni ya pili: idadi ikae kando, "Picha: 3". Na pasipokuwa na hila, kila jina liandikiwe sentensi yake kamili.

Wataalamu wa ngeli humu tumo tele. Mafundi hawatatuotea.

Naomba kuwasilisha.