Mwenye Macho Haambiwi Tazama

Kuna maandishi mafupi ambayo sisi wahakiki hatuyagusi: ule ujumbe ambao mwandishi wa programu huuacha kila anapohifadhi mabadiliko kwenye Git. Siku hizi wengi wa kazi hiyo wanaiachia akili mnemba iuandike. Unabonyeza tu, sentensi hiyo hapo, safi kabisa. Mimi nasema ni maandishi mabaya, na kinachoyaharibu ni huo usafi wenyewe.

Chukua OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika hapa Eldoret mwaka 2006, baada ya mfumo mdogo uliotangulia mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na umepitia mikono ya watu wa nchi nyingi. Desturi yao ni kuanza ujumbe na nambari ya tiketi, ili anayekuja baadaye aifuate mpaka kwenye mazungumzo yaliyozaa mabadiliko. Yaani ujumbe ni mlango wa kuingilia kwenye sababu.

Sasa tuseme fundi fulani amepandisha kiwango cha juu cha uzito kwenye fomu ya mgonjwa. Mashine itaandika: "Kiwango cha juu cha uzito kimepandishwa kutoka kilo 150 hadi 250." Ni kweli, lakini msimbo wenyewe umeshasema hivyo. Mwenye macho haambiwi tazama. Kilichotakiwa ni kile kisichoonekana: kwamba kuna mgonjwa wa kilo 160, fomu ikamkataa, karani akaandika 150 ili foleni isonge. Hilo mashine haikuambiwa, italijuaje?

Mtetezi wake atasema hata binadamu huandika "fix" akaenda zake. Sawa. Tena mashine humfaa anayetatizwa na Kiingereza. Basi ipewe sababu, yenyewe inyooshe lugha. Lakini "fix" angalau ni shimo lililo wazi. Ukiliona, unamtafuta aliyelichimba umuulize. Ujumbe wa mashine umelifunika shimo hilo kwa majani. Msomaji anapita akidhani ameshaelezwa. Siku atakaposhtuka, aliyejua sababu atakuwa alishahama kazi kitambo, na kwenye rekodi za yule mgonjwa bado imeandikwa kilo 150.