Farasi wa Abunusi na Chombo cha Wells

Wengi huita hadithi ya kisayansi kila kisa chenye chombo cha ajabu. Na lau ingekuwa hivyo, yule Farasi wa Abunusi wa Alfu Lela u Lela, ambaye kigingi kimoja humpaisha na cha pili humtua, angekuwa sheikh wa fani hii. Lakini tofauti haimo katika chombo, imo katika hesabu itakiwayo baada ya uwongo wa kwanza kukubaliwa. Na shahidi wangu ni kitabu kidogo cha H. G. Wells, The Time Machine, cha mwaka 1895.

Tazama uwongo wenyewe, kwamba mtu aweza kusafiri katika wakati, ulivyopenyezwa. Wells anawaketisha wageni huko Richmond baada ya chakula, na mwenyeji wao anaweka mezani kichombo kisichozidi sana saa ndogo, kilichoundwa kwa madini, pembe za ndovu na bilauri; wala hakiendeshi kwa mkono wake, bali anakishika kidole cha mgeni mmoja, mtaalamu wa mambo ya nafsi, ili huyo ndiye ausukume wenzo. Upepo ukapita, mwali wa taa ukaruka, mshumaa mmoja ukazimika, na kichombo hakipo. Yule mtaalamu, alipozinduka, akainama kuchungulia chini ya meza. Msimulizi wa kale angetuletea ngurumo na moshi. Wells alitosheka na mshumaa, nami naona ndio ustadi wake mkubwa kupita yote.

Baada ya hapo hakuna la bure. Wells alisomeshwa elimu ya viumbe na Thomas Huxley, mtetezi wa Darwin, na katika mwaka 802701, ambako mwenyeji yule anasafiri kwa chombo kikubwa cha namna ile ile, Wells analipa deni la somo hilo: kizazi cha matajiri kimedhoofika kikawa Eloi, wepesi kama watoto, na kizazi cha wafanyakazi, kwa kukaa chini ya ardhi dahari nyingi, kimekuwa Morlocks, weupe, wenye macho makubwa yasiyostahimili nuru. Hao Morlocks wanakiiba chombo na kukikokota hadi ndani ya kitako cha sanamu ya Sphinx. Basi msafiri anaporudi nyumbani, chombo kilichoondokea pembe ya kusini-mashariki ya chumba chake cha kazi kinatua penye ukuta wa kaskazini-magharibi, na masafa ya baina ya sehemu hizo mbili ndiyo hasa yale waliyokikokota wezi. Farasi wa Abunusi hakudaiwa hesabu ya namna hiyo hata siku moja.

Hata hivyo, mhasibu huyu ana upungufu wake. Dunia haitulii, hulizunguka jua bila kusita, na chombo kilichoruka miaka laki nane kilistahili kujikuta mahali patupu angani, ilhali Wells anakirudisha Richmond, chumba kile kile, bila neno.