Dhahabu ya Kilwa, Shaba ya Kilwa

Katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale mjini Lisbon kimewekwa chombo cha dhahabu kilichonakshiwa kwa enameli, kimo chake sentimita 73. Wareno hukiita Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuionyeshea hostia. Kilikamilika mwaka 1506, na kazi hunasibishwa na sonara Gil Vicente. Kama sonara huyo ndiye yule mshairi na mtunzi wa tamthilia mwenye jina hilohilo, ni ubishi wa wataalamu uliojaza kurasa nyingi. Ilikotoka dhahabu huelezwa kwa sentensi moja, ilhali chombo chenyewe hakifichi: maandishi ya enameli kwenye tako lake yanasema Mfalme Manuel aliamrisha kifuliwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

“Kodi” ni tafsiri ya upole. Neno la Kireno lililomo humaanisha mali anayoitoa aliyetiishwa. Julai 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani, akamlazimisha Amir Ibrahim kutoa dhahabu kwa tishio la mizinga. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida, na mji ukaporwa.

Uzuri wa kazi haukanushiki. Enameli ni unga wa kioo cha rangi unaoyeyushwa motoni juu ya madini. Moto ukizidi rangi huungua, ukipungua haishiki. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti, rangi zimewatulia mwilini, na juu yao ananing’inia njiwa mweupe. Fundi alikuwa fundi. Ila maneno yake ni nathari ya karani: nani kaamrisha, kwa mali gani, mwaka gani. Kwa ustadi wote ule, maandishi yamebaki kuwa risiti.

Itazamwe sasa sarafu ya Kilwa. Ni ya shaba, ndogo kama kifungo cha kanzu, haina mwaka wala jina la mji. Upande mmoja umeandikwa jina la mtawala kwa Kiarabu, mathalani Ali bin al-Hasan, ambaye wataalamu humweka katika karne ya 11. Ukigeuza, upande wa pili unasema kuwa anamtumaini Mola mwenye fadhila, na neno la mwisho linafanya kina na jina la mbele. Mpenzi wa ushairi wa pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi: huo ni ukwapi na utao, na kati yao pana unene wa shaba. Mshororo haukamiliki mpaka mkono uigeuze. Anapokuja mtawala mwingine, jina lake hudai kina chake. Hata fedha zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zaidi ya 2,000 kwa idadi, zimo katika mtindo huohuo. Gil Vicente sonara alipewa mwaka 1513 usimamizi wa mizani katika kiwanda cha sarafu cha Lisbon. Kilwa mizani ya mfua madini na ya mshairi zilikuwa zimekwisha kukutana karne nyingi nyuma.

Kwa hiyo kuitaja Kilwa katika habari za monstransi kana kwamba ilikuwa mgodi tu, ni uhakiki mvivu. Dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka nyanda za Zimbabwe kupitia Sofala. Ufundi ndio uliokuwa wa mji. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mnamo 1516, anawaeleza watu wa Kilwa wakiwa na mikufu na bangili za dhahabu na fedha mikononi na miguuni, na vipuli vya vito masikioni. Kazi hizo karibu zote hatunazo. Dhahabu huyeyuka, na mporaji hajali nakshi. Shaba imesalia kwa sababu haikutamaniwa.

Na ilisafiri. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana Zimbabwe Kuu, kule dhahabu ilikoanzia njia. Ilifikaje huko ni jambo la kukisiwa tu, lakini pande zake mbili zina kina.